Jinsi ya Kupanga Safari ya Chombo cha Anga Kutoka Nje ya Mfumo wa Jua kwa Kombeo la Sayari

Vyombo vya utafiti vilivyo kwenye njia ya kuliacha Jua bila kurudi ni vitano tu mpaka sasa: Pioneer 10, Pioneer 11, Voyager 1, Voyager 2 na New Horizons. Vyote vitano vilipita karibu na Mshtarii, na hilo halikutokea kwa bahati: sayari ilitumiwa kama kombeo la kuvirusha mbele. Mwongozo huu unaeleza jinsi safari ya namna hiyo inavyopangwa, tangu hesabu ya kwanza hadi kusahihisha njia baada ya kuipita sayari, kwa kiwango ambacho mtu mwenye rula, bikari, kipimapembe, kikokotoo na karatasi moja anaweza kufuatana nao mwenyewe. Hesabu zake hazizidi mraba, kipeo cha pili, na saini na kosaini za pembe. Ninamsihi msomaji asiishie kusoma, bali achore, kwa sababu jambo hili hueleweka mikononi upesi kuliko linavyoeleweka machoni.

Amua kwanza maana ya "nje"

Neno "nje" lina maana mbili, na mpango wa safari hutegemea ni ipi unayoikusudia. Maana ya kwanza ni kuvuka mpaka ambapo upepo wa Jua unaishia na gesi iliyo baina ya nyota inaanza. Voyager 1 ilivuka mpaka huo Agosti 2012 na Voyager 2 Novemba 2018, zote zikiwa katika umbali wa takriban vizio 120 vya kiastronomia, kizio kimoja kikiwa ni wastani wa umbali kati ya Dunia na Jua, yaani kilomita milioni 150 hivi. Maana ya pili ni kuwa na kasi inayotosha ili uvutano wa Jua usiweze kamwe kukirudisha chombo. Mpangaji wa njia hushughulika na maana hii ya pili, kwa kuwa chombo chenye kasi hiyo kitauvuka mpaka ule wa kwanza kwa wakati wake.

Kasi ya kuponyoka uvutano wa Jua hupungua kadiri unavyokwenda mbali. Mahali Dunia ilipo, kasi hiyo ni kilomita 42.12 kwa sekunde. Mahali Mshtarii ulipo, ni kilomita 18.47 kwa sekunde. Dunia yenyewe inalizunguka Jua kwa kilomita 29.78 kwa sekunde, na chombo kinachorushwa kuelekea kule Dunia inakokwenda huanza na kasi hiyo bila gharama. Kinachobaki kutafutwa ni kilomita 12.34 kwa sekunde, zinazotakiwa ziwepo baada ya chombo kumalizana na uvutano wa Dunia. Kwa chombo ambacho tayari kinaizunguka Dunia katika kimo cha kilomita 200, roketi italazimika kukiongezea takriban kilomita 8.75 kwa sekunde. Hata baada ya gharama yote hiyo, chombo kitaendelea kupunguza mwendo mwaka baada ya mwaka, na kasi yake itaelekea sufuri kadiri kinavyozidi kwenda. Kitakuwa kimetoka, lakini kwa kujikokota.

Elewa ni nini hasa sayari inachokifanya

Wengi hudhani kwamba chombo huongezewa kasi kwa sababu sayari hukivuta. Ni kweli kwamba chombo hushika kasi kinapoiangukia sayari, ila hupoteza kiasi kile kile kinapopanda kuondoka. Ukikaa juu ya Mshtarii na kukipima chombo kikija kutoka mbali, kisha ukakipima tena kikiwa mbali upande wa pili, utakuta kasi ni ile ile. Kilichobadilika ni mwelekeo tu. Sayari haikupi kasi kutoka mfukoni mwa uvutano wake. Inaugeuza mshale wako, yaani mstari unaoonyesha ukubwa wa kasi na mwelekeo wake.

Faida inatokana na jambo lingine, nalo ni kwamba Mshtarii hausimami. Unalizunguka Jua kwa kilomita 13.06 kwa sekunde. Mshale wa kasi ya chombo kama unavyoonekana kutoka kwenye Mshtarii ukigeuzwa uelekee kule sayari inakokwenda, basi kwa mtazamaji aliye kwenye Jua kasi hizo mbili hujumlishana. Nishati iliyopatikana imetolewa na mwendo wa sayari yenyewe, ambayo hupungukiwa na kiasi kidogo mno kisichoweza kupimwa kwa chombo chochote, maana uzito wa Mshtarii ni kilo zinazoandikwa kwa tarakimu 28, nao wa chombo ni kilo mia kadhaa.

Michael Minovitch alizifanya hesabu hizi mwaka 1961 akiwa mwanafunzi aliyefanya kazi ya muda katika maabara ya Jet Propulsion Laboratory, huko California. Mwaka 1974 Mariner 10, chombo kingine cha utafiti, ilipita Zuhura ikageuziwa njia hadi Utaridi, na hiyo ikawa mara ya kwanza kwa sayari moja kutumiwa ili kuifikia nyingine.

Chora mishale

Hapa ndipo penye kiini cha kazi yote, kwa hiyo tutakaa kidogo. Tuchukue chombo kinachoiacha Dunia kikiwa kimebakiwa na ziada ya kilomita 10 kwa sekunde baada ya kumalizana na uvutano wake, kikielekea kule Dunia inakokwenda. Kwa kipimo cha Jua, kasi yake ni 29.78 kujumlisha 10, yaani kilomita 39.78 kwa sekunde. Kiasi hicho hakifikii kasi ya kuponyoka, na kikiachwa hivyo chombo kitafika zaidi kidogo ya vizio 8 kutoka kwenye Jua kisha kitarudi.

Je, kitafika kwenye Mshtarii kikiwa na kasi gani? Chukua mraba wa kasi yake ya kuanzia, toa mraba wa kasi ya kuponyoka ya mahali Dunia ilipo, kisha jumlisha mraba wa kasi ya kuponyoka ya mahali Mshtarii ulipo. Mraba wa 39.78 ni 1582.4, mraba wa 42.12 ni 1774.1; mraba wa 18.47 ni 341.1. Jibu ni 149.4, na kipeo chake cha pili ni 12.2. Usikate desimali mapema katika hatua hii, kwa sababu unatoa namba kubwa kutoka kwa namba kubwa inayokaribiana nayo, na kosa dogo la kukadiria hugeuka kosa kubwa katika jibu.

Mwelekeo pia unahitajika. Sehemu ya kasi inayolizunguka Jua hupungua kwa uwiano wa umbali: Mshtarii uko mara 5.2 ya umbali wa Dunia, hivyo gawanya 39.78 kwa 5.2 upate 7.65. Pembe ambayo kosaini yake ni 7.65 gawanya kwa 12.2 ni takriban nyuzi 51. Chombo basi kinafika kwenye njia ya Mshtarii kikikata kwa mshazari kuelekea nje, kwa pembe ya nyuzi 51 kutoka kwenye mwelekeo wa sayari.

Sasa lalisha karatasi kwa upana wake. Tumia skeli ya sentimita 1 kwa kila kilomita 1 kwa sekunde. Karibu na ukingo wa kushoto, chini, weka nukta A. Kutoka A chora mstari wa mlalo wa sentimita 13.1 kwenda kulia, na mwisho wake uuite B. Huu ndio mshale wa Mshtarii. Rudi A, inua pembe ya nyuzi 51, chora mstari wa sentimita 12.2, na mwisho wake uuite C. Huu ni mshale wa chombo. Unganisha B na C. Mstari huo wa tatu, unaotoka B kwenda C, ndio mshale wa chombo kama mtu aliye kwenye Mshtarii anavyouona. Ukiupima kwa rula utapata takriban sentimita 11. Nitauita kasi ya ujio.

Utagundua jambo ambalo huwashangaza wengi mara ya kwanza: mshale wa BC unalalia nyuma, upande wa kushoto. Kwa macho ya Mshtarii, chombo hiki hakiifukuzi sayari. Sayari ndiyo inayokijia.

Weka ncha ya bikari kwenye B, uifungue hadi C, kisha chora tao kutoka C ukishuka kulia mpaka uukute mstari wa AB ukiurefusha. Kila nukta iliyo juu ya tao hilo ni njia mojawapo ambayo chombo kinaweza kutokea, kwa kuwa urefu wa mshale haubadiliki, unageuka tu. Umbali kutoka A hadi nukta utakayoichagua ndio kasi mpya ya chombo kwa kipimo cha Jua. Ungeweza kuugeuza mshale mpaka ulale juu ya mstari wenyewe, ungepata sentimita 24. Ila hapo ungehitaji kuugeuza kwa nyuzi 120, na sayari haigeuzi kwa kiasi chochote unachotaka.

Kokotoa kiasi cha kugeuka

Kiasi cha kugeuka hutegemea mambo matatu: nguvu ya uvutano wa sayari, kasi ya ujio, na ukaribu wa kupita. Kwa Mshtarii tumia namba 126,700,000 kuwa kipimo cha uvutano wake. Zidisha umbali wa karibu kabisa kutoka kiini cha sayari, kwa kilomita, na mraba wa kasi ya ujio, gawanya kwa namba hiyo, jumlisha 1, kisha gawanya 1 kwa jibu ulilopata. Hiyo ni saini ya nusu ya pembe ya kugeuka.

Tuseme tunapita kilomita 350,000 kutoka kiini cha Mshtarii, ambao ndio umbali wa Voyager 1 ilipopita tarehe 5 Machi 1979. Mraba wa kasi ya ujio ni takriban 120. Ukizidisha na kugawanya utapata 0.33; ukijumlisha 1 ni 1.33, na 1 gawanya kwa 1.33 ni 0.75. Pembe yenye saini hiyo ni takriban nyuzi 48.7, na maradufu yake ni nyuzi 97.

Rudi kwenye karatasi, weka kipimapembe kwenye B, hesabu nyuzi 97 kutoka mstari wa BC ukielekea kulia, kisha tia alama D juu ya tao. Pima A hadi D. Rula itakuonyesha takriban sentimita 23.6. Chombo kilichofika na kilomita 12.2 kwa sekunde kinaondoka na 23.6, ilhali kasi ya kuponyoka mahali hapo ni 18.47. Kimetoka. Ukichukua mraba wa 23.6, ukatoa mraba wa 18.47, kisha ukatafuta kipeo cha pili, utapata kwamba hata baada ya kumalizana kabisa na Jua kitabakiwa na zaidi ya kilomita 14 kwa sekunde.

Linganisha gharama. Ziada ya kilomita 10 kwa sekunde inaitaka roketi iongeze takriban kilomita 7.1 kwa sekunde kutoka kwenye mzunguko wa chini wa Dunia. Kupata matokeo hayo hayo bila Mshtarii kungehitaji takriban 10.7. Tofauti ya 3.6 ni kubwa sana kwa mhandisi wa roketi, kwa sababu fueli inayohitajika haiongezeki kwa kujumlisha bali kwa kuzidishana.

Usichague njia ya bei rahisi kabisa

Kosa la kawaida la anayeanza ni kuchagua njia inayotumia fueli kidogo kuliko zote kufika kwenye Mshtarii, ile ya nusu duaradufu inayogusa mzunguko wa Dunia upande mmoja na wa Mshtarii upande wa pili. Njia hiyo inahitaji ziada ya kilomita 8.8 kwa sekunde tu na huchukua takriban miaka 2 na miezi 9. Chombo hufika kikiwa na kilomita 7.4 kwa sekunde, kikielekea kule kule Mshtarii unakokwenda, hivyo kasi ya ujio ni 13.06 toa 7.4, yaani 5.6 tu.

Chora upya kwa namba hizo. Tao sasa ni dogo. Mwendo ukiwa wa polepole sayari hugeuza vizuri zaidi, takriban nyuzi 134 kwa umbali ule ule wa kilomita 350,000, lakini hata hivyo kasi ya mwisho ni kama 17.4. Haifiki 18.47. Chombo kitapaa mbali sana, kisha siku moja kitaanza kurudi. Nyongeza ya kilomita 0.8 kwa sekunde ambayo roketi inatoa kutoka kwenye mzunguko wa chini wa Dunia, ili ziada iwe 10 badala ya 8.8, ndiyo inayotenganisha chombo kinachotoka na chombo kinachorudi, na kwa maoni yangu hili ndilo somo muhimu kuliko yote katika kazi hii: sayari humlipa vizuri anayekuja na haraka. Njia yetu ya kwanza, tena, inafika kwenye Mshtarii kwa takriban miezi 18, ambao ndio muda Voyager 1 ilioutumia.

Kwa nini Mshtarii, na lini sayari nyingine

Tumia hesabu ile ile ya kugeuka kwa sayari ndogo na utaona mipaka yake. Kwa kasi ya ujio ya kilomita 10 kwa sekunde, Mirihi, hata chombo kikipita kimo cha kilomita 200 tu, hugeuza takriban nyuzi 12. Zuhura na Dunia, katika kimo cha kilomita 300, hugeuza takriban nyuzi 40 na 44. Mshtarii hugeuza zaidi ya nyuzi 100 hata ukipita mbali nao, bila hatari yoyote ya kugusa hewa yake.

Zuhura na Dunia hata hivyo zina kazi yake pale roketi inapokuwa dhaifu au chombo kinapokuwa kizito. Galileo, chombo kilichorushwa mwaka 1989, ilipita Zuhura mara moja na Dunia mara mbili kabla ya kwenda kwenye Mshtarii. Cassini, yenye uzito wa takriban kilo 5,600, ilipita Zuhura mara mbili, Dunia mara moja, kisha Mshtarii, ndipo ikafika Zohali mwaka 2004. Jihadhari na jambo moja hapa: kuipita sayari ile ile mara ya pili bila kufanya lolote katikati hakuongezi kasi ya ujio, kwa sababu tao la bikari linabaki na nusukipenyo kile kile. Lazima katikati uipite sayari nyingine, au uwashe injini mbali angani, ili mshale urudi ukiwa mrefu zaidi. Gharama ya njia hizi ni miaka, na kwa chombo kinacholenga nje ya mfumo wa Jua miaka ni mali, maana vifaa vinazeeka.

Weka miadi

Sayari lazima iwepo utakapofika. Kwa njia yetu ya miezi 18, chombo huzunguka nyuzi 147 kulizunguka Jua, na katika muda huo Mshtarii husogea nyuzi 46. Basi siku ya kuondoka, Mshtarii unapaswa kuwa nyuzi 101 mbele ya Dunia. Hali hiyo hujirudia kila baada ya miezi 13, na dirisha la kurusha hubaki wazi kwa wiki chache tu.

Ikiwa unataka kutokea upande fulani wa anga, subira inayohitajika ni kubwa zaidi, kwa kuwa Mshtarii huchukua karibu miaka 12 kulizunguka Jua na hukurusha kufuatana na mahali ulipo. Ukitaka na Zohali imo, pana fursa kila baada ya miaka 20 hivi. Ukitaka sayari zote nne kubwa za nje zijipange ili moja ikurushe kwa nyingine, utangoja takriban miaka 175. Gary Flandro, naye wa Jet Propulsion Laboratory, aligundua mwaka 1965 kwamba mpangilio huo ungetokea mwishoni mwa miaka ya 1970, na Voyager mbili zikarushwa mwaka 1977 kuuwahi.

Lenga pembeni, upande wa nyuma

Ili kuongeza kasi, chombo kipite nyuma ya sayari, yaani kikate njia ambayo sayari imekwisha kuipita. Kikipita mbele, mshale hugeuka upande wa pili na kasi hupungua. Wapo wanaokusudia kupunguza, kwa mfano wanaokwenda karibu na Jua, lakini kwa safari yetu kukosea upande ni kuipoteza safari yote.

Hulengi umbali wa kilomita 350,000 moja kwa moja. Sayari itakuvuta ndani, kwa hiyo mstari wa ujio, kama ungenyooshwa bila uvutano, unatakiwa upite takriban kilomita 928,000 kutoka kiini cha Mshtarii. Wanaoongoza vyombo huwazia bapa lililosimama wima mbele ya mstari huo, sayari ikiwa katikati, na kuweka nukta moja juu ya bapa kuwa shabaha. Umbali wa nukta hiyo kutoka katikati huamua ukali wa kona. Nafasi yake, juu, chini, kushoto au kulia, huamua upande wa kutokea. Ulysses, chombo cha kuchunguza Jua, ililengwa hivyo mwaka 1992, na Mshtarii ukaitupa nje ya bapa ambamo sayari huzunguka, ili ipite juu ya ncha za Jua.

Usahihi unaohitajika ni mkubwa. Ukikosea umbali wa kupita kwa kilomita 1,000 tu katika mfano wetu, pembe ya kugeuka hubadilika kwa karibu sehemu moja ya kumi ya uzi mmoja. Inaonekana si kitu. Lakini mshale wa kilomita 11 kwa sekunde ukipotoka kiasi hicho, kosa la kasi ni takriban mita 18 kwa sekunde, na kwa mwaka mmoja chombo kitakuwa kilomita 560,000 nje ya njia. Ndiyo maana injini ndogo huwashwa mara kadhaa kabla ya kufika, wiki na miezi mapema, wakati msukumo mdogo bado unatosha, na tena mara moja baada ya kupita, kabla kosa halijakua. Kasi ya chombo hujulikana kwa mabadiliko madogo ya masafa ya redio yanayopokelewa na antena kubwa za Goldstone, Madrid na Canberra, na mahali pake kwa muda ambao mawimbi hutumia kwenda na kurudi. Voyager ziliongezea picha za miezi ya sayari zikiwa na nyota nyuma yake.

Ukitaka zaidi: washa injini karibu na sayari

Chombo chetu kinapokuwa karibu kabisa na Mshtarii kinakwenda kilomita 29 kwa sekunde kwa kipimo cha sayari. Ukiwasha injini hapo ukaongeza nusu kilomita tu kwa sekunde, kasi ya kuondoka, ikipimwa mbali na sayari, hupanda kutoka 11 hadi 12.2. Msukumo wa 0.5 umezaa zaidi ya 1.2, kwa sababu nishati huongezeka kwa mraba wa kasi na chombo kilisukumwa kikiwa katika mbio zake za juu kabisa. Ubaya ni kwamba fueli hiyo inabidi ibebwe toka Duniani, na injini inabidi iwake saa ile ile iliyopangwa, mahali ambapo mawasiliano huchelewa kwa zaidi ya nusu saa.

Ukaribu nao una adhabu yake. Mshtarii umezungukwa na mikanda ya chembe zenye nishati kubwa zilizonaswa na sumaku yake. Pioneer 10 ilipopita takriban kilomita 130,000 juu ya mawingu, Desemba 1973, ilipata mnururisho mkali kiasi cha kuvuruga baadhi ya vifaa vyake. Kwa hiyo usipunguze umbali ili kupata nyuzi chache tu kabla ya kuwauliza waliotengeneza vifaa vya elektroniki.

Sayari ya pili

Zohali inaweza kuongeza tena, kwa hesabu ile ile na karatasi mpya. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini New Horizons, iliyorushwa Januari 2006 ikiwa tayari na kasi ya kuliponyoka Jua hata kabla ya kuufikia Mshtarii, haitaipata Voyager 1. New Horizons ilipita mbali, kilomita milioni 2.3 kutoka kwenye Mshtarii, ikapata takriban kilomita 4 kwa sekunde ambazo ziliipunguzia miaka kama 3 ya safari ya Pluto. Leo inakwenda karibu kilomita 14 kwa sekunde. Voyager 1 ilipitia Mshtarii na Zohali, nayo inakwenda 17.

Lakini si kila sayari unayoipita itakuongezea. Voyager 2 ilipata kasi kwenye Mshtarii, Zohali na Uranusi, kisha Agosti 1989 ilipita takriban kilomita 5,000 juu ya mawingu ya Neptuni ili ielekezwe kwenye mwezi wake Triton, na kwa kipimo cha Jua ikatoka hapo na kasi ndogo kuliko iliyoingia nayo. Waliopanga walijua. Kasi iliyobaki ilitosha kutoka, na hapakuwa na sayari nyingine mbele ya kuwekewa miadi. Voyager 1 nayo ilipitishwa karibu na Titan, mwezi wa Zohali, mwaka 1980, na tangu hapo Zohali ikaitupa juu ya bapa la sayari, ikakosa Uranusi na Neptuni. Katika mpango wako andika mapema ni kipi kitatangulia pale sayansi na kasi zinapogombana.

Baada ya kupita mara ya mwisho

Mara tu sayari ya mwisho inapobaki nyuma, njia haibadiliki tena kwa kiasi cha kuhesabika, na fueli iliyobaki hugeuka kuwa ya kazi moja: kuielekeza antena Duniani. Kokotoa kiasi chake kwa miongo, wala si kwa miaka. Chombo cha mfano wetu kitakwenda zaidi kidogo ya vizio 3 kwa mwaka na kitafika kwenye mpaka wa upepo wa Jua chini kidogo ya miaka 40 baada ya kurushwa. Mwanga wa Jua huko hautoshi kwa paneli, hivyo umeme utatokana na joto la plutoni 238, ambayo hupungua hadi nusu kila baada ya miaka 87.7, na vifaa vinavyogeuza joto hilo kuwa umeme huchakaa upesi kuliko plutoni yenyewe. Panga tangu mwanzo ni kifaa gani kitazimwa kwanza na kipi cha mwisho. Ishara ya mwisho ya Pioneer 10 ilipokelewa Januari 2003, miaka 31 hivi baada ya kurushwa, kabla haijafika kwenye mpaka ambao Voyager zimeuvuka. Njia yake ilikuwa sahihi, umeme ndio uliopungua.